Kufuli la Wimbo wa Mama Anastasie

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Daftari jipya. Lile la zamani limeliwa na panya, pamoja na mpango wangu wote wa kufuga sungura. Tuache.

Leo jambo kubwa! Mama Joséphine-Marie, prezida wa korali yetu, ameingia butikini, amefunga mlango mwenyewe, amefungua fundo la kitenge chake na kuweka kadi ndogo ya memori juu ya kaunta. Nilifikiri kuna mtu amekufa. Kumbe ni video.

Nieleze vizuri, ili nikizeeka nikumbuke. Padri Noël ndiye mtoto wa kwanza wa Kalembe kupata upadri. Jumapili ya tarehe 18 anakuja kusoma misa yake ya kwanza hapa nyumbani. Korali inataka kumshangaza mama yake, Mama Anastasie, kwa wimbo ambao yeye mwenyewe alikuwa anamwimbia Noël akiwa mtoto mchanga, kule porini upande wa Walikale. Papa Nestor, mwalimu wa korali, aliupata kwa mdogo wake Mama Anastasie, akaupanga kwa sauti nne. Halafu macho yakaanza kumsumbua, akaenda Goma kutibiwa. Kabla ya kwenda alijirekodi dakika arobaini, akifundisha sauti moja moja.

Waimbaji wetu wamesambaa milimani. Barabara leo iko wazi, kesho imefungwa. Kwa hiyo kila mmoja lazima aione video akipita Kalembe, ajifunze sauti yake, aende. Lakini Archange asiione hata kidogo. Archange ana kibanda ng'ambo ya barabara, mbele kabisa ya butiki yangu. Anawawekea watu filamu kwenye memori. Kitu kikiingia kwa Archange asubuhi, mchana kiko Walikale nzima. Zaidi ya hayo anaimba katika Korali ya Vijana, ambao wanatuonea wivu kwa sababu ya misa hii. Mama Joséphine-Marie amesema kwamba wimbo ukimfikia Mama Anastasie kabla ya siku, atanitoa katika korali na kunitangaza mbele ya parokia nzima.

Nimemwambia alale usingizi. Mimi ni Katembo wa "Chez Katembo, Charge na Teknolojia".

Na kuna Kasoki. Kasoki ni soprano, mtoto wa kaka yake Mama Joséphine-Marie. Nimemwomba ndoa mara mbili. Leo ameniambia kwamba atanijibu baada ya misa, maana anataka aone kwanza kama naweza kuchunga kitu.

Jumanne, tarehe 6 Agosti

Sikupata usingizi mimi mwenyewe. Alfajiri nimepanda kilima cha mawe, mahali pekee ambapo mtandao unashika, na mashine yangu ya kompyuta, mwavuli na betri ya pikipiki mgongoni. Nimeketi nashusha zana za mtandaoni mpaka miguu imekufa ganzi. Zana za bure! Kuna watu wa mbali, hawanijui, siwajui, wameandika programu ya JavaScript ya kuchezesha video iliyofungwa ndani ya kivinjari, na wameiacha wazi kila mtu achukue. Huombi ruhusa. Hupigi magoti.

Inafanya hivi. Video inakatwa vipande vya sekunde nne nne. Kila kipande kinafungwa kwa ufunguo. Telefone ikishika Wi-Fi yangu, kivinjari kinavuta kipande, kinaomba ufunguo, kinafungua, kinaonyesha, kinatupa. Hakuna faili ya kubeba. Archange atabaki na memori zake kama mtu aliyeenda kuchota maji na kikapu.

Katika maelezo wameandika kwamba aina hii ya ufunguo ni ya kufanyia majaribio tu, isitumike kulinda kitu cha maana. Watu wa mbali wanaogopa sana. Nimeruka sehemu hiyo.

Jumatano, tarehe 7 Agosti

Imekubali! Kwenye mashine yangu Papa Nestor anatokea, miwani puani, anaimba besi. Nikitoa ufunguo, giza. Nikirudisha ufunguo, Papa Nestor. Giza. Papa Nestor. Giza. Papa Nestor. Nimefanya hivyo mara thelathini. Mama mmoja aliyekuja kucharge telefone ameuliza kwa huruma kama Papa Nestor amezidiwa.

Na ruta, mashine ya kutoa Wi-Fi, imefika kutoka Goma, imeletwa na motari wa pikipiki. Amesema kwenye kizuizi cha Mubambiro askari walimuuliza kama ni radio ya mawasiliano, na yeye akasema ni mashine ya kupashia maziwa ya mtoto. Nimeifunga juu ya rafu ya mafuta. Nimebandika tangazo mlangoni: Wi-Fi ya Korali, kwa wanakorali tu, wengine wasijisumbue, kuna kufuli la kisasa. Archange ametoka kibandani mwake, amelitazama kidogo, amerudi ndani. Amesoma mstari wa kwanza tu! Archange hasomi vitu virefu.

Alhamisi, tarehe 8 Agosti

Msiba. Kwenye telefone hakuna kitu. Telefone ya Kasoki imekataa. Yangu imekataa. Nimezima, nimewasha, nimegeuza ruta iangalie dirisha, nimeigeuza iangalie ukuta. Sikula.

Sababu nimeipata mwishoni mwa maelezo. Kivinjari hakikubali kufungua video iliyofungwa kama ukurasa wenyewe haukuja kwa njia salama, yenye alama ya kufuli. Mashine ikijitazama yenyewe inajiamini, ndiyo maana jana ilikubali. Telefone ya mtu mwingine haiamini. Yaani ili nifunge wimbo, lazima kwanza nifunge ukurasa unaofunga wimbo.

Mama Joséphine-Marie amepita kuuliza wangapi wamejifunza. Nimesema tuko katika awamu ya maandalizi. Neno awamu limemtuliza.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti

Kufuli la ukurasa linataka cheti. Cheti hutolewa na wakubwa wanaojulikana duniani kote. Hapa Kalembe hawapo. Basi nimejipa cheti mwenyewe, nimekisaini mwenyewe. Nani ananijua kuliko mimi?

Saa sita amefika Papa Yves, besi wetu wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Ametembea kutoka upande wa Nyamitaba kwa ajili ya wimbo tu. Ameketi kwenye kreti, amevaa miwani, amefungua ukurasa. Telefone imekuwa nyekundu yote. Kwa Kifaransa imeandika kwamba ukurasa huu si salama na kwamba pengine kuna mtu anataka kuiba barua zako na picha zako. Papa Yves ameisoma mpaka mwisho, kwa sauti, kama anasoma somo la misa. Watu watatu wamesikia. Kisha amezima telefone, ametoa betri, ameweka telefone mfuko wa kulia na betri mfuko wa kushoto.

Nimemweleza kwamba onyo lile si kwa sababu ya mwizi, ni kwa sababu yangu mimi. Hakupenda maelezo hayo. Amesimama, amejikung'uta suruali, akasema, "Katembo, telefone yenyewe inasema uko mwizi. Nimekaa nayo myaka ine, haiyanidanganya hata siku moja."

Kufikia saa tisa besi wote walikuwa na habari. Nina hasira. Na watu waliosoma ndio wabaya zaidi.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Tatizo jipya. Ufunguo una herufi na namba thelathini na mbili. Kasoki, mtu pekee aliyekubali kufinya onyo jekundu na kupita, aliuandika kiganjani. Halafu akaosha vyombo.

Nimezunguka ndani ya butiki mpaka nimeangusha rafu ya sabuni. Kasoki alikuwa ameketi, ananitazama tu. Na hapo akili ikanijia! Ukurasa uulize swali. Ukijibiwa vizuri, utoe ufunguo wenyewe. Swali liwe rahisi kwa wanakorali na gumu kwa Archange. Nimeliandika palepale: katika watoto wanaume wa mama yake Katembo, Katembo ni wa ngapi?

Jibu, wa tano. Wanakorali wamekula kwangu, wamesikia habari za kaka zangu wanne wa Butembo mpaka wamechoka. Archange hajawahi kukanyaga nyumbani. Ni mtu wa msitu wa Walikale, ukoo wake ni wawindaji, atajuaje mambo ya tumbo la mama yangu? Hata serikali haijui. Kasoki alifungua mdomo aseme kitu. Nikamwambia asinikate, niko kazini.

Jumapili, tarehe 11 Agosti

Baada ya misa nimesimama mbele ya korali na kutangaza mfumo mpya. Besi wametazama mabati. Tenori wametazama besi.

Kasoki amenifuata nyuma ya kanisa. Ameniuliza kwa upole kwa nini nisiwaite wote butikini, waketi kwenye makreti, waangalie kwenye mashine yangu, maana kwenye mashine inakubali. Nimemjibu kwamba hiyo si streaming. Hiyo ni sinema ya kijiji. Kuna tofauti ya msingi kabisa. Ameuliza tofauti gani. Bado naitafuta. Ameondoka bila kuniaga.

Jumatatu, tarehe 12 Agosti

Ushindi! Mashine inaandika kila anayefungua. Jana mchana telefone moja imejibu swali mara ya kwanza, bila kukosea, na imeangalia dakika arobaini kamili bila kusimama. Halafu ikarudia sauti ya besi peke yake, mara mbili.

Ni nani? Hakuna jina. Nadhani ni besi mmoja mwenye aibu, aliyejificha nyuma ya nyumba. Besi ni watu wa aibu. Mmoja akijua, ataambukiza wengine. Nimemwambia Mama Joséphine-Marie kwamba korali inaendelea vizuri. Amenipa mkungu wa ndizi. Nimeula kwa furaha, sikuhisi dhambi yoyote.

Jumatano, tarehe 14 Agosti



Asubuhi nimekwenda kuchota maji. Kwenye chemchemi mama wawili walikuwa wanafua, na wanaimba. Wanaimba nini? Wimbo wa Mama Anastasie! Sauti ya kwanza na ya pili, zimepangwa vizuri kabisa. Nimeacha bidoni yangu ya maji palepale. Barabarani nimekutana na mtu anasukuma tshukudu, ile baiskeli ya mbao, imejaa makaa, anapanda mlima, jasho linamtoka, na anaimba besi. Huyo si mwanakorali. Huyo si hata Mkatoliki!

Roho juu juu nimerudi butikini, nimefikiri. Nani aliyekuwa ameketi nami nilipoandika swali? Nani aliyefungua mdomo aseme kitu? Kikulacho ki nguoni mwako. Nimevuka barabara mpaka kwenye meza ambapo Kasoki anauza vitenge, na mbele ya wateja wake nimemuuliza kama yeye ndiye aliyempa Archange jibu. Mungu anisamehe.

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali akasirike. Amekunja kitenge mara nne, amekiweka chini, kisha amehesabu kwa vidole, taratibu, kama anafundisha mtoto.

"Mumbere, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Mbusa. Njo vile sisi Banande tunaita batoto wanaume, kufuata kuzaliwa. Wa tano iko Katembo. Archange anauzia Banande tangu alizaliwa, anajua. Kalembe muzima inajua. Jibu yako iko juu ya mulango yako, na rangi ya bluu."

Mteja mmoja amecheka mpaka ameketi chini. Nimerudi, nimesimama katikati ya barabara, nimetazama juu. Chez Katembo. Rangi ya bluu. Niliipaka mwenyewe, tena mara mbili, ili ionekane toka mbali.

Kasoki alinifuata mpaka mlangoni kusema jambo moja tu. Kwamba baba yake atamuuliza hivi: muntu anafunga mulango na jina yake mwenyewe, mutoto yangu atamuchunga namna gani? Nimelia kidogo nyuma ya magunia.

Alhamisi, tarehe 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa kwa Maria. Sikusali vizuri.

Nilitaka ushahidi. Nimevaa kofia ya sufu, koti la mvua na miwani ya jua, nimekwenda kwa Archange, na kwa sauti nzito nimeomba wimbo ule mpya unaosikika. Archange amesema, "Ingia, Katembo. Jua itakuua na ile koti." Na amenipa nakala bila maneno. Amesema mwenye kitu hanyimwi kitu chake.

Nimeiangalia. Aibu juu ya aibu! Vipande vya sekunde nne nne, kila kipande na kufuli lake, na yeye ameweka telefone moja juu ya gunia la maharage na kuirekodi kwa telefone ya pili. Basi. Papa Nestor ameinama upande kama nyumba yenye mchwa. Jogoo anawika mara moja. Na katika ubeti wa pili wa sauti ya besi, Papa Nestor akinyamaza kabla ya kuingia, Archange anakohoa. Koh, koh. Mara mbili, wazi kabisa, maana kibanda chake kinajaa moshi wa mchoma mahindi wa jirani.

Nimemuuliza alipitaje onyo jekundu. Ameniuliza onyo gani. Kumbe yeye hasomi, anafinya tu mpaka kitu kifunguke. Papa Yves aliyesoma amebaki nje, Archange asiyesoma ameingia! Alitaka kuniambia kitu kuhusu besi wetu. Sikumngoja, nilikuwa nachemka ndani ya koti.

Hesabu yangu sasa ni hii. Mama Anastasie bado yuko shambani kwake porini, mwendo wa siku nzima, ataletwa na pikipiki Jumamosi jioni moja kwa moja mpaka kwa masista. Hajasikia. Lakini Korali ya Vijana ndio wanaoimba wimbo wa kuingia. Wakiuimba huu, wametuwahi, na mimi nimekwisha. Korali nimeikosa. Kasoki nimemkosa.

Nimezima ruta. Kwa hasira nimeizima mara mbili.

Jumamosi, tarehe 17 Agosti

Mazoezi ya mwisho kanisani. Wote wamekuja, hata Papa Yves, mifuko miwili imejaa. Nimejificha kati ya tenori. Nilijua sasa uongo wangu utafichuka, maana hakuna mwanakorali aliyeiona video isipokuwa mimi na Kasoki. Mama Joséphine-Marie ameinua mikono. Na mvua ikaanguka!

Mvua ya Walikale juu ya mabati. Hakuna aliyesikia kitu. Watu sitini wanafungua na kufunga midomo, na yeye anapiga hesabu kwa mkono mpaka mwisho. Midomo ya besi ilikuwa inakwenda kwa uhakika mkubwa. Nimeshangaa, lakini mtu yeyote anaweza kufungua mdomo. Mama amesema imetosha, twende tukalale, Mungu anatuona.

Jumapili, tarehe 18 Agosti

Niandike kabla kichwa hakijapoa.

Kanisa limejaa mpaka madirishani. Telefone yangu nimeifunga kwenye nguzo, inapiga filamu ya misa yote. Padri Noël amevaa nyeupe, kijana mwembamba, anatabasamu kila upande. Mama Anastasie mbele, mdogo sana kwenye benchi, kilemba kipya, mikono juu ya magoti. Vijana wamesimama kuimba wimbo wa kuingia. Nimeshika benchi kwa mikono miwili. Archange amefungua mdomo. Wameimba wimbo wao wa kila siku! Nimeachia benchi.

Baada ya komunyo zamu yetu. Mama Joséphine-Marie ameinua mkono, Kasoki ameanza peke yake. Mama Anastasie alikuwa anatengeneza kilemba, mkono umebaki hewani. Halafu alto. Halafu tenori. Kila mtu anajua sauti yake, mpaka nukta! Nimeimba nikiwa siamini masikio yangu. Vijana nao wamesimama na kutusaidia, na nyuma yao watu wa kawaida, hata yule wa tshukudu, sijui aliingilia wapi.

Tumefika ubeti wa pili. Sauti zote zimenyamaza, zamu ya besi kuingia. Na besi wote kumi na wawili, kwa pamoja, kwa heshima kubwa, wamekohoa.

Koh, koh.

Halafu wakaingia na wimbo, vizuri sana.

Nilitaka ardhi inimeze. Wamejifunza kwa Archange! Wamefikiri kikohozi ni sehemu ya wimbo! Mama Joséphine-Marie amegeuka na kuwatazama kwa macho ambayo sitayasahau. Mkono wake umeendelea kupiga hesabu, lakini uso ulikuwa umeshahukumu.

Na Mama Anastasie amesimama. Korali imekufa sauti kwa sauti. Amekwenda mpaka mbele ya besi, ameshika mkono wa Papa Yves, akauliza, "Kikohozi ya baba ya Noël. Nani aliwaambia?"

Basi ameeleza yeye mwenyewe, kwa sauti ya chini, na kanisa zima limesikia. Mume wake alikuwa mwindaji. Akirudi kutoka msituni gizani, alikuwa anakohoa mara mbili nje ya ua, ili mke ajue ni yeye, si mnyama, si mtu mbaya. Yeye alikuwa anamwimbia mtoto wimbo huu akimngoja, na katika ubeti wa pili alikuwa ananyamaza kidogo, asikilize. Siku moja alinyamaza, hakusikia kitu. Noël alikuwa hajatembea bado. Tangu siku ile hakumwambia mtu yeyote, hata Noël mwenyewe. Padri Noël ameshuka altareni na kumkumbatia, na mbele yetu wote amelia kama mtoto wa miaka mitatu. Tumelia wote. Mimi nimelia kwa sauti.

Nje, Mama Joséphine-Marie ametukusanya. Macho mekundu, sauti laini. Ameuliza nani alikuwa na wazo la kikohozi. Besi wamemtazama Archange. Archange amenitazama mimi. Na mkono wangu umepanda. Sikuutuma. Umepanda wenyewe.

Mama amenibariki mbele ya watu.

Archange amenivuta pembeni na kuniambia lile alilotaka kuniambia Alhamisi. Ni Papa Yves na besi wenzake waliomwendea, walipoogopa ukurasa wangu, wakamwomba awatolee wimbo. Wengine wakaomba nyuma yao. Nimemuuliza basi kwa nini Vijana hawakuuimba wao wa kwanza. Amenitazama kama mimi ndiye nisiyesoma. "Ile wimbo iko ya mama ya muntu. Nani ataiba wimbo ya mama ya muntu?"

Kasoki aliuona mkono wangu. Amekuja jioni na kuniambia kwamba jibu lake ni ndiyo, kwa masharti mawili. Kwanza, nimwambie shangazi yake ukweli juu ya kikohozi. Pili, filamu ya misa niliyoipiga niiache wazi, kila mtu aichukue, ili Mama Anastasie aende nayo porini na wanaompenda wawe nayo. Kesho atapita kuangalia. Nimeapa yote mawili, mkono juu ya kifua. Sijawahi kuwa na furaha hivi tangu nizaliwe.

Jumatatu, tarehe 19 Agosti

Siku nzuri. Watu wamepanga mstari toka asubuhi, wote wanataka filamu ya misa. Hata kutoka ng'ambo wamekuja.

Kuhusu ukweli, nimefikiri sana. Mama Joséphine-Marie amefurahi mno, si vizuri kumvunja moyo wiki hii. Nitamwambia wakati wa Krismasi, watu wakiwa na roho nyepesi.

Kuhusu filamu, niliiacha wazi kama nilivyoapa. Kwa saa moja nzima. Halafu nimemwona Archange ng'ambo amesimama na telefone mbili, na damu imenichemka. Kitu cha thamani hivi, kikae bila mlango? Nimeifunga upya, vipande vya sekunde mbili mbili sasa, si nne. Wanaotaka kuangalia wajibu swali tu.

Na kosa langu la kwanza nimelijua. Nilijiuliza juu yangu mwenyewe, na mimi najulikana mno. Safari hii nimechagua mtu ambaye hajawahi kufika Kalembe, anakaa Butembo, na jina lake halijaandikwa kwenye mlango wowote. Swali jipya: mtoto mwanaume aliyezaliwa baada ya Katembo, anaitwa nani?

Huyo ni mdogo wangu, Mbusa. Hapa hakuna hata mtu mmoja anayemjua. Namwona Kasoki anavuka barabara, telefone mkononi, anasoma swali. Sasa ataona kwamba naweza kuchunga kitu.